Siku Tulifagia Dambo

Benye balikuwa pale ile siku ni aba. Mi mwenyewe, na mutoto yangu ya kwanza mu mugongo, alikuwa hajaanza kutembea. Bwana yangu, mutu ya Kasai, mwenye alikuwa mulinzi ya dambo. Dada mudogo ya bwana yangu, wifi yangu basi, mwenye alikuwa anaongoza bamama ya animasyo, ile kundi ya kuimba na kucheza yenye kila kitongoji ilikuwa nayo miaka ya Zaïre. Shefu ya kitongoji, mwenye alioa mutoto ya mama mukubwa yangu. Mi nilikuwa namuita shemeji, na yeye ananiita shemeji hata mbele ya bantu ya biro, ofisi ya Serikali. Mugeni mwenye alitoka Lubumbashi, huyu hakuwa ndugu ya mutu. Na shofere yake, dereva basi, mwenye alikuwa mutu ya kwetu Musumba, upande ya Kapanga, lakini hiyo tulijua nyuma, wakati alikuwa ameshakula.

Majina yao yote niko nayo. Na miaka ile kila mutu alikuwa na mawili, ile ya ubatizo na ile ya bankambo, bababu yetu, yenye Serikali ilituambia turudilie, na mi nakumbuka yote mawili. Lakini bajukuu yangu bananiambia, nkambo, usiandike majina, bengine beko bazima, na benye balikufa batoto yao beko bazima. Basi naandika undugu tu.

Kwa mwenye hajui, dambo ni bonde ya majani yenye maji yake hayamaliziki hata mu jua kali. Yetu ilikuwa upande ya Mashamba, kwenye balikuwa banachimba shaba, na maji yake yalikuwa yanatelemuka polepole kuelekea Lualaba. Serikali ilikuwa imeiweka kando juu ya bandege, bapate kukaa salama. Ubao ilikuwa pale: hakuna kuwinda, hakuna kuvua, hakuna kulima. Bwana yangu alipewa ile kazi nyuma ya kuanguka na kinga yake, baiskeli basi, na mguu haikunyooka tena muzuri. Alikuwa anazunguka dambo na fimbo, na kila wiki alikuwa anapeleka karatasi ku biro: bandege ngapi, ya namna gani. Na kazi ilikuja na nyumba, byumba bibili ya matofali, mulango inaangalia maji. Mbele ya kuipata tulikuwa tunalala bantu tisa kwa baba mukwe yangu, mu kambi ya bafanyakazi. Ile nyumba nilikuwa naipenda kuliko vile nilikuwa naonyesha.

Bwana yangu alikuwa anajua kuandika. Kuhesabu bandege, hapana. Anaanza hapa, anafika kumi na mbili, mumoja anaruka, mwingine anaingia mu matete, anarudilia. Alikuwa anakuja ku nyumba na hasira kama mutu mwenye bamemudanganya ku soko.

Mi sikusoma mingi. Masista balinifundisha miaka mibili, kisha mama yangu alizaa mapacha na nilirudi kumusaidia. Lakini kuangalia kitu, kuuliza mu roho juu ya nini iko hivi na haiko vile, hiyo nilizaliwa nayo, na ilikuwa inachokesha mama yangu sana.

Njo mi niliona mambo ya sireni. Kule Mashamba, kila siku nyuma ya saa saba, sireni ilikuwa inalia, bantu banatoka mu shimo, kisha baruti inapasua mawe. Kwetu tulikuwa tunaisikia mu miguu kwanza, kisha mu masikio. Masahani ilikuwa inatetemeka. Na bandege yote ya dambo balikuwa banaruka mara moja, wote, kama mutu amekunguta kitambaa. Banazunguka juu, banazunguka tena, kisha banashuka, kila kabila fasi yake. Nikamuambia bwana yangu, juu ya nini unabafuata mu majani, ngojea tu sireni, beye wenyewe banajionyesha.

Tokea ile siku, mi nilikuwa nakaa mbele ya mulango na kibakuli mu magoti. Haragi nyeusi, maharagwe basi, kwa bata. Haragi nyeupe kwa bale beupe ya miguu mirefu. Haragi ya madoa kwa bale badogo benye banalia kama mulango yenye haina mafuta. Na kwa ndege ya ndevu, mbegu ya boga, juu ule hakuwa ndege ya kuwekea haragi. Kichwa yake ilikuwa inafika ku kifua yangu. Shingo nyeupe, tumbo nyeusi, na chini ya mudomo bipande bibili bya nyama binaning'inia, nyekundu, njo ndevu yenyewe. Balikuwa bawili tu, bwana na bibi, na kila siku mbegu ilikuwa mbili. Mangaribi bwana yangu alikuwa anahesabu kibakuli na kuandika mu kaye yake, ile daftari ya kazi. Haragi inarudi mu mufuko, kesho tunatumia tena.

Basi ile mwaka, barua ilifika. Bwana yangu aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akakaa. Biro ya Lubumbashi ilikuwa inatuma mutu kuangalia kama ndege ya ndevu eko. Kama eko na anazaa, dambo itabaki. Kama hakuna, ubao itatolewa, kazi ya mulinzi itaisha, na nyumba itarudi kwa Serikali.

Na ilikuwa wiki tatu yenye kibakuli yangu ilikuwa na mbegu moja tu ya boga.

Bwana yangu alikuwa anazani mumoja amekufa, ao bantu bamemuvizia na kumukula, na mugeni atasema mulinzi ndiye alimuuzisha. Hakulala muzuri. Wifi yangu alikuja kutusalimia, aliona kibakuli, akauliza, akaelezewa. Akaniangalia.

"Pengine ni weye ulimukula," akasema. "Beye ya Kapanga, nyama ikipita mbele ya macho haifike mbali."

Nikamuambia beye ya Kasai banakula maneno, njo maana habashibe. Bwana yangu alituambia tunyamaze wote wawili. Tulikuwa tunapendana, mi na wifi yangu, lakini namna yetu ya kupendana ilikuwa ile.

Mi sikuzani ndege amekufa. Nilikuwa najiuliza kitu ingine. Mumoja yabo, bwana ama bibi, sikujua, bawa yake ya kuume ilikuwa imekosa manyoya moja, ukimuona juu unaona tundu ya mwangaza. Sasa siku moja, wakati ya baruti, mwenye aliruka alikuwa na tundu. Siku ya pili, mwenye aliruka bawa yake ilikuwa nzima. Manyoya haioti kwa siku moja. Basi bote bawili beko. Lakini kila siku mumoja haruki. Eko wapi, na juu ya nini haogope?

Jibu nililipata mu lupango yangu, uwanja ya nyumba, na nilisikia haya kwa kuchelewa. Nilikuwa na kuku tano. Sireni ikilia na chini ikitetemeka, kuku ine banakimbia mpaka ku njia. Ya tano ilikuwa inalalia mayai ndani ya kitunga. Ile haikutoka. Ilijilaza tu, ikakuwa bapa kama mukate, shingo chini, jicho moja wazi.

Nilimuambia bwana yangu: ule mwenye haruki eko na mayai, banapokezana. Alinisikiliza muzuri. Kisha akasema, "Mama ya mutoto, ku karatasi ya Serikali siwezi kuandika ndege mwenye sikumuona."

Na kuingia mu maji kutafuta nilikataa, juu kuku yangu, ukimufunulia kitunga mara mbili, anaachaka mayai.

Kufika hapa natakiwa kuandika kosa yetu, na sitaki kuisukumia mutu mwingine. Bwana yangu alienda kumujulisha shefu kama mugeni atakuja, juu mugeni hawezi kufika mu kitongoji bila shefu kujua. Shemeji yangu alifurahi. Mutu ya Lubumbashi, mu jipu, kwetu. Alitangaza salongo, ile kazi ya siku ya posho, jumamosi basi, yenye hakuna mutu alikuwa anakataa, na salongo ilikuwa ya kusafisha dambo.

Tulikuja wote na makoupe-koupe, mapanga ya kukatia majani, na majembe na mafagio. Tulikata matete yote ya kando, tokea mulango yangu mpaka ku ubao. Tulifagia udongo mpaka ikakuwa nyekundu kama sakafu. Shemeji alileta chokaa, tukapaka mawe, tukayapanga misitari mibili. Na mi nilifagia kama bengine. Mi mwenye nilijua mambo ya mayai. Nilimuuliza shemeji tu kama tunaweza kuacha matete ya ndani ya maji, na alikubali mbio, juu ndani kulikuwa ruba, na hakuna mutu alitaka ruba mu miguu. Kama si ruba, sijui. Lakini nikiangalia ile fasi safi, na mawe meupe, nilisema mu roho yangu, sasa mugeni ataona kama tunachunga. Sikuwaza kama ndege anaweza kuona usafi namna ingine.

Mugeni alifika saa tano ya asubui. Alikuwa mutu mwembamba mu abakosi, ile koti ya bakubwa ya Zaïre bila tai, ya rangi ya majivu, na darubini mu shingo, viatu yake ya kazi kweli. Jipu ilipotokea ku kona, wifi yangu alinyanyua mukono, na ngoma ikaanza. Ngoma tatu na bidumu bibili, bamama makumi mawili mu bitenge ya namna moja, na sauti ya wifi yangu mbele, ile sauti ulikuwa unaweza kuisikia mpaka Tenke. Balicheza muzuri sana, lazima niandike hiyo. Na juu ya kichwa yao bandege yote ya dambo balikuwa banaenda. Bata, beupe, bale ya mulango bila mafuta. Na nyuma yao, polepole, na shingo amenyoosha, ndege ya ndevu. Nilitafuta tundu mu bawa. Ilikuwa pale. Alipita juu ya Mashamba na akapotea.

Mugeni alisimama kati ya mawe meupe, akangojea wimbo iishe, akapiga makofi kwa adabu. Kisha akauliza bandege beko wapi.

"Sitwayeni," shefu akamujibu, vile tulikuwa tunaitana miaka ile, "tuliona bataleta fujo mbele yako. Tumefanya usafi."

Mugeni hakucheka. Aliangalia matete yenye tulikata, yenye ilikuwa imelala mu bichungu bichungu, akauliza nani alitoa amri. Shemeji yangu alianza kuelewa, alitoa kofia, akairudisha. Bwana yangu alionyesha kaye yake. Mugeni akaifungua, akaona ile wiki ya mwisho: moja, moja, moja. Akauliza wa pili alienda wapi. Bwana yangu akasema hajui.

Tulibapatia chakula, bukari, ugali basi, na samaki na sombe ya majani ya mihogo, juu hata kama mutu anakuja kukunyanganya nyumba anakula kwanza. Pale njo shofere alisikia namna yangu ya kusalimia na kujua mi ni mutu ya Musumba. Akaniambia kwa chini, mu luga yetu, kama bosi yake ameshaamua ndege hakuna, banarudi Lubumbashi mbele ya saa nane, njia ni mubaya. Nikaangalia kivuli ya mulango. Saa saba ilikuwa karibu.

Nikaenda mbele ya mugeni, na mutoto mu mugongo, na kibakuli mu mukono. Mi sikuwa na mazoea ya kusema na bantu kama hao.

"Tata," nikamuambia, "usiende. Ngojea sireni."

Akauliza sireni gani. Wifi yangu, mwenye alikuwa anapanguza jasho pale karibu, akasema, "Bibi ya kaka yangu anataka mugeni asikie baruti. Anazani ku Lubumbashi hakuna radi." Bamama balicheka. Mi sikucheka. Nikamugeukia, na sikutumia jina yake, nilimuita wifi, taratibu, kama mutu anaomba chumvi. Nikamuomba anyamazishe ngoma na ababakishe bamama bote chini, bakae, basiseme. Aliniangalia mu macho. Nazani ni pale aliona kama ni nyumba ya kaka yake njo iko mu ile kibakuli. Akageuka, akanyoosha mukono wake chini, na bamama makumi mawili bakakaa mu udongo na bitenge yao mizuri, na hakuna hata mumoja alikohoa.

Mugeni aliweka kofia yake ku goti. Tulingojea. Mutoto yangu alilala. Pale karibu mutu alikuwa anapumua na pua, nilikuwa namusikia.

Sireni ikalia. Kisha miguu, kisha masikio. Kule upande ya mbali, kwenye hatukufika na koupe-koupe, bandege baliruka, si mingi, beupe kumi na kitu, na bata wachache benye balikuwa bamerudia. Mugeni alinyanyua darubini, akabafuata juu, akazunguka nabo. Ndege ya ndevu hakukuwa. Bwana yangu aliangalia biatu yake.

"Tata," nikasema, "usiangalie juu. Angalia kwenye hakuna kitu imeruka."

Akashusha darubini na kuniangalia mi. Nikamuelezea kuku yangu. Nilielezea mubaya, nilianza na mayai, nikarudia ku sireni, lakini alisikiliza mpaka mwisho, na hakuniuliza nilisoma wapi. Kisha akageuza darubini ku matete ya katikati ya maji, ile yenye ruba ilituzuia. Aliangalia sana. Akasema, "Naona majani tu, mama."

Mi sikuwa na darubini. Lakini ile katikati nilikuwa nimeiangalia kila siku, na nilikuwa najua kila kitu yake kama najua masahani yangu. Kulikuwa tete kavu, nyeupe, imesimama. Karibu yake ingine, nyeupe, imelala juu ya majani. Ile ya kulala, mbele ya sireni haikukuwa pale.

Nikamuonyesha: tete mbili nyeupe, moja imesimama, moja imelala, ile ya kulala si tete.

Akaelekeza darubini pale. Darubini haikutikisika. Niliona mudomo yake inafunguka kidogo. Kisha akasema, na sauti ya mutu mwenye eko mu kanisa:

"Mama, iko na ndevu."

Ndege alikuwa amelaza shingo yake yote ku majani, bapa, kama kuku yangu. Alivumilia makoupe-koupe ya posho, na ngoma tatu, na bidumu, na sauti ya wifi yangu, na baruti, na hakutoka.

Sasa ni mugeni mwenye hakutaka kwenda. Njia ya Lubumbashi haikumuhangaisha tena. Alisema kama banapokezana kweli, anataka kuona. Mi niliogopa, juu mwingine alikuwa ameruka mbali na pengine ngoma ilikuwa imemukatisha tamaa ya kurudi. Tulikaa pale chini na bamama ya animasyo. Darubini ilipita kwa bwana yangu, kwa shefu, kwa shofere. Ilipofika kwa wifi yangu, ilikaa. Balimuomba mara mbili na hakuirudisha.

Ni yeye alimuona. "Anakuja na miguu," akasema kwa chini. Na kweli, ule wa pili hakurudi kwa kuruka. Alitokea upande ya mbali ya dambo akitembea mu maji, hatua moja, anasimama, anaangalia mawe yetu meupe, hatua ingine. Alipofika, ule wa kulala alisimama, akajikunguta, akatoka, na mwingine akaingia, akainamisha kichwa na kugeuza yai na mudomo. Alipofungua bawa kidogo kwa kukaa, tundu ya mwangaza ilikuwa pale.

Mugeni aliandika ukurasa muzima. Kisha akamuuliza bwana yangu nani anahesabu. Pale nilishika roho, juu kazi ilikuwa ya bwana yangu, na mutu anaweza kukosa kazi kama bibi yake ndiye anaifanya. Bwana yangu angeweza kusema, "Ni mi." Ku Kiswahili yetu ile neno ni fupi.

"Ni bibi yangu," akasema. "Mi naandika tu."

Mugeni akaomba kuona kibakuli. Akashika mbegu ya boga, akaichunguza, akairudisha polepole. Mu karatasi yake akaandika majina mabili, ya bwana yangu na yangu. Kwa mara ya kwanza jina yangu iliandikwa mu kitu ya Serikali yenye haikukuwa ya ndoa. Akamuambia shefu kama salongo ya dambo imeisha leo, na mawe ya chokaa yatolewe. Shemeji yangu aliyatoa yeye mwenyewe, na tuliyatumia ku mulango ya kanisa.

Ubao ilibaki, nyumba ilibaki. Tulikaa mule mpaka ule mutoto ya mu mugongo alimaliza shule ya musingi. Na ile mangaribi niliweka mbegu mbili, na bwana yangu aliandika mbili, na alipomaliza alibaki na kalamu mu mukono, anaangalia ile mbili.

Sasa kuna bitu yenye siko na hakika. Mi nasema yai ilikuwa moja. Wifi yangu, mwenye eko mpaka leo na bado anaimba, anasema aliona mabili, na njo yeye alikuwa na darubini. Anasema pia ngoma zilikuwa ine. Na salongo, mi naiandika kama ilikuwa posho moja mbele, lakini pengine ilikuwa ile asubui yenyewe, juu nakumbuka matete yalikuwa bado na maji pale tuliyakata. Weye mwenye unasoma, kama ulikuwa mumoja ya bamama bale makumi mawili mu udongo, ao kama mama yako alikuelezea, njoo unirekebishe. Niambie tu ulikaa fasi gani, upande ya ubao ao upande ya mulango yangu, na mi nitakuambia jina yako.